Marafiki wa Nangani Wanataka Tung'oe Nanga Siku Moja

Habari zenu washauri,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 37. Mume wangu ni Mholanzi, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi ndani ya boti letu la matanga la futi 36. Hivi sasa tumetia nanga Nosy Be, Madagaska, tukijiandaa kwenda Richards Bay, Afrika Kusini, kabla ya msimu wa vimbunga.

Mwezi wa sita, tukiwa Mayotte, tulikutana na mke na mume wenye katamarani (boti la miili miwili) ya futi 45. Tangu siku hiyo tumekuwa kama ndugu. Tunakula pamoja karibu kila jioni, na yule mama ndiye rafiki pekee wa kike niliye naye huku. Wana mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, basi kila wiki wanatupa lita 60. Mume wangu naye amewatengenezea pampu ya injini na jenereta. Mwezi wa nane waliazima kwetu lita 40 za dizeli, hawajarudisha, na hakuna aliyetaja.

Sasa wamepanga tuondoke pamoja tarehe 20 Oktoba, tuandamane mpaka Richards Bay. Binti yao anawasili Afrika Kusini tarehe 5 Novemba na hawataki kumkosa. Mume wangu alikubali palepale mezani. Mimi naogopa. Tulipotoka Mayotte kuja huku, tuliendesha injini saa 14 ili tusiachwe nyuma, na bado waliachia matanga kila mara kutusubiri. Nanga nayo wanatia mita 35 kutoka kwetu. Juzi usiku maji yalipogeuka tulikaribia kugongana.

Nikisema hapana nitaonekana sina shukrani, na pengine nitampoteza rafiki. Halafu kuna jambo la pili: kila tukiagana na watu huku majini nalia kama nimefiwa. Mume wangu anasema nitazoea. Sijazoea. Nifanyeje?

Binti Tanga, Nosy Be

*

Binti Tanga,

Tuanze na bahari, urafiki utafuata. Hesabu ya safari yenyewe inajibu nusu ya swali lako.

Kutoka Nosy Be hadi Richards Bay ni zaidi ya maili 1,300 za bahari. Kushuka mpaka Cap Saint-André, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Madagaska, na kuvuka Mlango wa Msumbiji, vyombo vya mwendo tofauti vinaweza kupishana bila hasara kubwa. Shida iko kwenye maili 480 hivi za mwisho, kutoka visiwa vya Bazaruto, Msumbiji, hadi Richards Bay. Huko, kila baada ya siku tatu hadi tano, hupanda upepo mkali wa kusini-magharibi. Usiufananishe na kusi wa kwetu, ambao ukishashika unajua utavuma miezi. Huu unasukumwa na baridi inayopanda kutoka Rasi, unaweza kugeuka ndani ya dakika chache, na unakutana uso kwa uso na mkondo wa Agulhas unaoteremka kusini, mahali pengine kwa noti 4 (maili 4 za bahari kwa saa) au zaidi. Upepo na mkondo vikipingana, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Hapo boti dogo haliendi joshi wala halipati pa kujificha.

Sasa weka mwendo wenu kando ya mwendo wao. Boti la futi 36 lina urefu wa mita 9 hivi kwenye mstari wa maji. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Zidisha kwa 2.43, unapata noti 7.3. Huo ndio ukomo wa mwili wa chombo, na safarini hamwendi hivyo muda wote. Wastani wa noti 5 ni makadirio ya haki, yaani maili 120 kwa siku. Katamarani yao tuipe noti 7, maili 168 kwa siku. Kwenye zile maili 480, wao wanahitaji saa 69. Ninyi mnahitaji saa 96. Mkondo utawasaidia, lakini utawasaidia na wao pia.

Chukua utabiri unaoonyesha kwamba upepo mbaya utafika saa ya 80 baada ya kuondoka Bazaruto. Kwao hiyo ni nafasi nzuri kabisa: watakuwa wamefunga kamba gatini na chai iko mezani. Ninyi mtakuwa na maili 80 mbele yenu, ndani ya mkondo. Hakuna aliyekosea kusoma utabiri. Ni kwamba nafasi ile ilikuwa yao, haikuwa yenu. Boti la noti 5 ling'oe nanga Bazaruto pale tu utabiri unapoonyesha siku tano safi, au likate safari vipande kwa kuingia Inhambane au nyuma ya kisiwa cha Inhaca, kwenye mlango wa ghuba ya Maputo. Kutoka Inhaca hadi Richards Bay zinabaki maili kama 170, saa 34 kwa mwendo wenu, na nafasi ya namna hiyo hupatikana mara nyingi zaidi. Bazaruto penyewe ingieni mchana na maji yakijaa, maana mafungu ya mchanga ni mengi.

Kuna tarehe moja tu ya kuheshimu, nayo si ya ndege ya binti wa mtu. Vimbunga vya upande huu huhesabiwa kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Aprili. Mayotte, mlikotoka, ilipigwa na Chido tarehe 14 Desemba 2024, na boti zilizokuwa nangani ziliumizwa vibaya. Kwa hiyo wenzenu hawajakosea kutaka kuondoka Oktoba. Na ninyi ondokeni Oktoba. Someni pia mkataba wa bima: nyingi zina tarehe ya mwisho ya kuwa ndani ya eneo la vimbunga, na rafiki hatawalipia boti.

Watu huandamana kwa sababu wanadhani boti la pili ni usalama. Tulipime hilo. Tofauti ya noti 2 inawatenganisha maili 48 kwa siku. Redio ya VHF, antena ikiwa juu ya mlingoti pande zote mbili, hufika maili 18 hadi 20. Maana yake, baada ya saa tisa au kumi hamtasikilizana. AIS ya boti dogo (kifaa kinachotangaza kwa redio mahali chombo kilipo), ile ya wati 2, itawapotezeni kwenye skrini hata kabla ya hapo. Na hata wakiwa karibu, bahari ya mita tatu hairuhusu boti moja kujibanza ubavuni mwa jingine. Milingoti ingegongana kabla hamjapeana kamba. Wanachoweza ni kupeleka habari, kukaa jirani, na kuokota watu walio kwenye boya la uokoaji. Hayo si madogo, ila hayatoshi kuwafanya muende kwa mwendo usio wenu.

Na kulazimisha kuandamana kuna gharama. Anayepunguza mwendo anapunguza matanga, na katamarani isiyo na tanga la kutosha hutupwatupwa, watu wanachoka. Anayekimbiza anachoma dizeli. Injini ya nguvu farasi 30 hunywa lita 2.5 hivi kwa saa ikienda noti 5. Ukiimaliza akiba yako kabla ya kufika Bazaruto ili usiachwe, hutakuwa nayo siku ya kukimbilia bandarini.

Lakini kuna njia ambayo rafiki aliyetangulia anawafaa kuliko rafiki aliye ubavuni. Hali mbaya ya huko hutoka kusini kwenda kaskazini. Mwenzako akiwa maili 150 mbele, upepo utamfikia yeye kwanza. Upepo ukisafiri kwa noti 25, wewe una saa 6 za kujua kabla haujakufikia: za kupunguza tanga, kula, kufunga kila kitu, au kugeuza kuelekea Inhaca. Mwombeni hilo. Mtu anayeombwa kuwa jicho la mwenzake hajioni amekataliwa.

Wekeni miadi ya mawasiliano mara mbili kwa siku, kwa redio ya masafa marefu au kifaa cha ujumbe wa setilaiti. Ujumbe uwe mfupi na wa aina moja kila siku: mahali mlipo, mwelekeo, mwendo, upepo unatoka wapi na kwa noti ngapi, kipimahewa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) kinasoma nini na kimepanda au kimeshuka tangu ujumbe uliopita, watu wote wazima. Kipimahewa ndicho cha maana kuliko vyote. Kule, kikishuka kwa muda halafu kikaanza kupanda, ule upepo wa kusini-magharibi umekwisha kufika au uko mlangoni.

Saa iandikwe kwa UTC, saa moja ya dunia nzima. Wewe unajua kwa nini: ukimwambia mgeni "saa mbili asubuhi", yeye anasikia saa nane ya usiku wetu. Zaidi ya hayo, Madagaska iko saa tatu mbele ya UTC, Msumbiji na Afrika Kusini saa mbili, kwa hiyo saa ya ukutani itabadilika katikati ya safari. Saa mbili asubuhi ya Nosy Be ni 05:00 UTC. Andikeni 05:00 na 17:00, basi.

Mkubaliane pia kimya kina maana gani. Kukosa miadi moja si dharura. Antena hulowa, mtu husinzia. Kukosa tatu mfululizo ndiko kunakompa mtu wa nchi kavu ruhusa ya kupiga simu. Mtu huyo asiwe kwenye boti jingine. Awe dada yako Tanga, mwenye karatasi iliyoandikwa jina la boti, rangi, bendera, namba ya MMSI (ya utambulisho wa redio ya boti), namba ya EPIRB (kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti), mahali mtakapoweza kujificha, na namba ya simu ya kituo cha uokoaji cha MRCC kilichoko Cape Town. Hakikisheni namba ya dada huyo ipo kwenye usajili wa EPIRB yenu. Wengi wanakuta imeandikwa simu ya mwenye boti mwenyewe, ambayo wakati huo iko chini ya maji.

Nani aseme haya? Kwanza zungumza na mume wako, mkiwa wawili, mchana, kabla ya dingi (kimashua) la wageni kufika. Hajakosea kupenda watu. Alikosea kutoa ahadi ya chombo kizima ilhali yeye ni nusu ya mabaharia. Manahodha wengi chombo huenda mrama, ni kweli, lakini kwenye boti la watu wawili kanuni inayofanya kazi ni hii: kuondoka kunahitaji ndiyo mbili, kubaki kunahitaji hapana moja, na mwenye hapana hadaiwi maelezo. Mpigie mahesabu hayo hapo juu kwenye karatasi. Mwanamume aliyeendesha injini saa 14 kuwafukuzia wenzake anaijua tayari hesabu hiyo, ila hajaiandika.

Kisha nendeni wote wawili kwao, asubuhi, kabla ya vinywaji vya jioni. Wala si kwa redio. Chaneli zote za nangani zina masikio. Semeni mapema, leo au kesho, maana ukisema tarehe 19 unakuwa umewavuruga. Maneno yawe haya au yanayofanana: "Tumekaa na mwendo wetu. Ninyi mna saa 69 kutoka Bazaruto, sisi 96. Hatutaki binti yenu afike hamjafika kwa sababu yetu. Nendeni nafasi yenu ikija, sisi tutakuja yetu ikija. Tuandikieni kila siku upepo wa mbele, na tutakula pamoja Richards Bay." Usianze na hofu yako, ukianza nayo watakutuliza badala ya kukusikiliza. Mpange mahali pa kukutana, msipange siku. Wenye boti wazoefu hawakasirikii maneno hayo. Yule atakayekasirika atakuwa amekuonyesha urafiki wenu ulikuwa umeegemea wapi.

Sasa maji. Tunadhani hizo lita 60 ndizo zinazokufunga mdomo kuliko kitu kingine. Watu wawili wanaosafisha vyombo kwa maji ya bahari na kuoga kwa kopo hutumia lita 10 kwa siku, kupika na kunywa ndani yake. Tangi la lita 250, kama boti lako linalo la kiasi hicho, ni siku 25. Safari yenu kwa mwendo wa maili 120 ni siku 11 au 12 za kusafiri. Hata mkijificha wiki nzima njiani mtafika na akiba. Jazeni tangi na madumu manne ya lita 20 kabla ya kuondoka, madumu mawili yafungwe mbali na tangi, tangi likipasuka msibaki mikono mitupu. Baada ya hapo maji ya wenzenu yanakuwa zawadi, si riziki, na zawadi mtu anaweza kuishukuru bila kuilipa kwa kichwa chake.

Kazi ya mume wako kwenye pampu na jenereta, mwacheni ahesabu ni shukrani ya maji, yaishe. Ila kuna vitu visivyoazimwa nangani, hata kwa ndugu wa tumbo moja: impela ya akiba (kigurudumu cha pampu ya maji ya injini), mkanda wa akiba wa alteneta, tanga la dhoruba, na dingi usiku. Impela ukiitoa, hesabu umeitoa, haitarudi. Dingi likiwa kwa jirani na nanga yako ikaanza kukokota saa nane usiku, huna cha kupelekea nanga ya pili.

Ya nanga ni mepesi zaidi, na pengine anzeni nayo kesho. Maji ya Nosy Be hupanda na kushuka karibu mita nne siku za bamvua. Mkiwa kwenye kina cha mita 10 maji yakipwa, yakijaa ni 14. Ongeza mita 1.2 ya urefu wa omo kutoka majini, zidisha kwa nne, mnahitaji mita 61 za mnyororo. Boti litazunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 60 na zaidi, halafu jirani yuko mita 35. Mkizunguka pamoja hamtagusana, lakini maji yakigeuka wakati upepo ni mdogo, boti lenu lenye mkuku mrefu linafuata mkondo, na katamarani, yenye kina kifupi na mwili mkubwa juu, inafuata upepo. Ndipo mnapokutana. Aliyetia nanga wa pili ndiye huhama. Kama hamkumbuki nani, hameni ninyi, mita 120, na mjirushie mikono asubuhi.

Kuhusu machozi, mume wako anakosea kidogo. Watu hawazoei; wanajifunza kuagana vizuri. Urafiki wa nangani hukomaa kwa wiki tatu kwa sababu kila mmoja anamhitaji mwenzake na kila mmoja ana tarehe ya kuondoka. Kwa hiyo huwa hauna anwani. Fikiria nyumbani, mtu anaishi miaka kumi na Mama Asha bila kujua jina alilopewa na wazazi wake. Huku ndivyo ilivyo na majina ya boti: mnaitana "watu wa boti fulani", boti likauzwa au likabadili bendera, basi wamepotea. Kila unayempenda mwandike kwenye daftari: majina kamili ya wote wawili, barua pepe, simu ya nchi yao, na jina la mtoto au ndugu aliye nchi kavu. Kadi ya boti ni nzuri, lakini nyuma yake andika mlikutana wapi na lini, la sivyo baada ya mwaka utakuwa na kadi 40 na sura nne.

Na usimwachie mama huyu mmoja mzigo wote wa kuwa shoga, dada na mwalimu wako. Uko kwenye bahari ambayo lugha yako ina jamaa. Ulipokuwa Mayotte bila shaka ulisikia Kishimaore na ukakamata neno moja kwa kila matatu. Mahajanga, ambayo mtaipita mkishuka, kuna watu wenye asili ya Ngazija. Mkisimama huko kwa maji na mboga, nenda sokoni peke yako, salimia, uliza bei kwa Kiswahili uone nani anageuka.

Zimebaki zile lita 40 za dizeli walizoazima. Kwa injini yenu hizo ni saa 16, na saa 16 kwa noti 5 ni maili 80: zile maili 80 mlizobakiza upepo ulipofika saa ya 80. Kwa hiyo msilitaje kama deni la fedha. Siku mtakapokwenda kununua mafuta, mume wako apite kwao na madumu mawili matupu aseme, "Tunajaza kwa ajili ya safari, tujazieni na zile za mwezi wa nane." Watacheka, watasema walisahau, na watajaza. Mafuta hayo yachujwe kwa chujio lenye wavu wa kuzuia maji kabla ya kuingia tangini.